Plagi ya Namba Tatu

Mwanangu Bupe,

Usiwashe gari kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Nakujua unavyosoma barua: mstari wa kwanza, halafu unaruka hadi wa mwisho kuona umeombwa nini, halafu unaikunja. Leo usiruke. Nitaiweka juu ya usukani ili uikute kabla hujaingiza ufunguo, na kama kuna mtu atakuwa amesimama mlangoni akikuhimiza kwamba kunakucha, mwambie asubiri.

Sasa hivi ni alasiri ya Jumamosi. Umekwenda kusuka nywele mtaa wa pili, na ulipokuwa unatoka uliniambia nikapumzike kwa sababu tangu asubuhi nimeinama kwenye gari. Sijapumzika. Nimekaa jikoni, nimerudishia mlango, na karatasi tayari ina alama mbili za vidole kwa sababu mikono yangu ina weusi ambao sabuni imeshindwa kuutoa. Nina hofu, Bupe. Ninayo tangu saa nne asubuhi, na kila nilipokuona unapita na begi jingine kwenda kulipanga kwenye buti nilitaka kukuita, nikashindwa.

Sikuandikii habari za kula vizuri wala za kuvaa sweta. Una miaka ishirini na mitano, wewe ni muuguzi, na Idodi unakokwenda kuanza kazi kuna joto kuliko huku Mbeya, kwa hiyo hayo masweta matatu uliyofungasha sijui utamvalisha nani. Mambo ya kusali na ya kuchagua marafiki nimekuimbia tangu darasa la kwanza. Kama hayakuingia miaka yote hiyo hayataingia leo. Ninachotaka kukuandikia ni plagi. Najua hapo utatabasamu, useme mama ameanza na mambo yake ya gereji. Tabasamu, lakini endelea kusoma.

Juzi uliporudi kutoka Uyole ulisema, "Mama, gari inamisi tena, ikipanda kilima inatetemeka." Nikakujibu kwamba ni plagi tu, zimechoka, nitazibadilisha mwenyewe hapa nyumbani. Nilijibu kwa madaha kidogo, unanijua. Mtaa mzima hapa Soweto unanijua kwa hilo: mama yake Bupe, mwanamke anayefungua injini. Wanaume wazima huja kuniuliza gari linatoa moshi gani na maana yake nini. Baba yako alinifundisha kazi hii tulipokuwa bado wachumba, na tangu alipofariki nimeibeba hiyo sifa kuliko ninavyobeba jina langu. Gari lenyewe limeshapita kilomita laki tatu na themanini. Kwa gari la umri huo, plagi zilizokaa muda mrefu hushikana na chuma kama vile zimezaliwa hapo, na mtu anayezifungua anatakiwa awe na subira.

Baba yako alikuwa na utaratibu wake, na aliniambia siku ya kwanza kabisa. Jioni unadondoshea mafuta mepesi kwenye shina la kila plagi, unafunga boneti, unakwenda kulala. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, unaanza kulegeza. Robo mzunguko, unarudisha, unasubiri, unarudia. Injini ikiwa ya moto usiguse, kwa sababu ile sehemu ya juu ambayo mafundi huiita silinda hedi ni ya alminiamu, nayo ikiwa ya moto ni laini, ukilazimisha plagi itatoka na uzi wa ndani ya tundu, ile mifereji inayoishika.

Nilikuwa nayajua yote hayo leo asubuhi. Nataka ulielewe hilo vizuri, kwamba sikukosea kwa kutojua. Jana jioni nilisahau kudondosha mafuta kwa sababu tulikuwa tunakunja nguo zako na kucheka picha zako za utotoni. Leo nikaamka saa kumi na mbili, na hii baridi ya Julai unaijua mwenyewe, umande kwenye majani umegeuka barafu na vidole vimekufa ganzi, spana naishika na siihisi. Na saa nne watu wa usharika walikuwa wanakuja kuliombea gari. Nikawasha injini ili ipate moto na mimi nipate pa kuegemeza mikono. Ikapata moto kweli. Nikaizima, nikaanza kufungua.

Ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Ya nne ikasumbua kidogo, ikatoka. Ya tatu ikagoma. Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunga boneti akasema basi, tuliache lipoe, watu wakija waombee injini iliyofunguliwa, Mungu hana shida na hilo. Mimi nikaenda kuchukua kile kipande cha bomba baba yako alichokuwa akikitumia kufungulia nati za magurudumu, nikakichomeka kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu zaidi, nikavuta. Ikalia. Nikavuta tena. Ikatoka yote, ikiwa imejizungushia nyuzi nyembamba za alminiamu, zinang'aa.

Nilikaa chini, pale kwenye kokoto. Nilikuwa najua nimefanya nini. Nilipojaribu kuingiza plagi mpya ikawa inazunguka tu, haikazi, kwa sababu hakukuwa na uzi wa kuishika. Wewe ulikuwa ndani unachemsha chai. Nilisikia unaimba. Nikakata waya wa pasi ile mbovu, nikatoa nyuzi mbili za shaba, nikazizungusha kwenye plagi, nikairudisha kwenye tundu nikiibembeleza. Ikakaza. Huo ni ujanja wa barabarani, Bupe. Unafanywa na mtu aliyekwama porini ili afike mji wa karibu, akifika analala huko na kesho yake anatafuta fundi wa kuchonga bushi, kipande cha chuma chenye uzi mpya, ya kuweka kwenye tundu. Haufanywi kwenye gari ambalo mtoto wako atasafiri nalo kutoka Mbeya hadi Iringa, halafu aingie nalo barabara ya vumbi ya Idodi akiwa peke yake.

Nikawasha. Gari likanguruma vizuri, halitetemeki, halimisi. Ukatoka na kikombe cha chai, ukasikiliza, ukasema, "Mama, zote nne umeweka mpya?" Nikasema zote. Nilisema kweli, na nilikudanganya, na ukanikumbatia na ule weusi wangu wote.

Halafu wakaja. Unakumbuka jinsi walivyolizunguka gari, mchungaji mbele, wazee wa kanisa pembeni, kina mama wa kwaya nyuma na vitenge vyao. Mchungaji aliweka kiganja kwenye boneti, upande uleule wa plagi ya tatu. Akaombea magurudumu, breki, usukani, barabara, malori ya pale mlima wa Inyala, akawaombea na wagonjwa utakaowahudumia. Alipomaliza akauliza fundi wa gari hili ni nani ili tumwombee naye. Ukanyoosha mkono ukasema, "Ni mama." Ulivyosema ulikuwa unajivuna. Wakapiga makofi. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, nami nikainamisha kichwa changu, nikafumba macho, nikaipokea baraka ya kazi niliyojua kwamba imeharibika. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Palikuwa na ukimya wa kutosha kabisa kabla ya amina. Sikusema.

Ulipokwenda kusuka nikaliwasha tena peke yangu. Nikachukua povu la sabuni, nikalipaka kuzunguka plagi ya tatu, kama tunavyofanya tukitaka kujua mtungi wa gesi unavuja. Likatoa mapovu, moja, jingine, jingine, kila injini inapopiga. Maana yake inavuja sasa hivi, gari likiwa limesimama uani bila mzigo. Ukilipandisha mlima likiwa na mabegi yote hayo, plagi italegea kidogo kidogo na siku moja itaruka kama kizibo. Inaweza kuruka kesho pale Inyala, lori likiwa nyuma yako. Inaweza kuvumilia mwezi mzima, iruke umembeba mama mwenye uchungu kwenye kiti cha nyuma ukimkimbiza hospitali Iringa, maana hicho ndicho ulichoniambia unalitakia gari.

Sasa utajiuliza, mama mtu mzima, ameharibu uzi wa plagi, kwa nini asiseme tu? Ni jambo la dakika moja. Hapo ndipo ninapotakiwa kukueleza kitu ambacho sijawahi kumweleza mtu.

Ulipokuwa na miaka sita tulikwenda Idodi kumzika bibi yako, mama yake baba. Wewe unakumbuka mahindi ya kuchemsha tuliyokula barabarani na kwamba gari liliharibika. Unasimulia hivyo kila mara, kwamba ilikuwa safari nzuri. Haikuwa safari nzuri. Wiki moja kabla, baba yako alikuwa amenunua plagi mpya nne kwa Baba Eliya, yule Mkinga mwenye duka la spea Mwanjelwa. Hukumzoea, na sababu ya kutomzoea ndiyo hii ninayoiandika. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Ndiye aliyesimamia ndoa yetu kanisani. Baba yako alinipa zile plagi nizifunge, akaenda kazini.

Mchana ule akaja mjomba wako Ambakisye kutoka Tukuyu na pikapu ya ndizi, imemfia palepale karibu na kwetu. Plagi zake zilikuwa zimekwisha kabisa. Ndizi zilikuwa zinaiva juu ya gari na mnunuzi anamsubiri. Akaniomba, na ni kaka yangu, nikampa zile mpya. Akasema, "Ndaga, dada, asante sana. Nitazirudisha wiki ijayo." Na kwa kuwa baba yako alikuwa amelalamika siku si nyingi kwamba ndugu zangu wamegeuza nyumba yetu kuwa ghala lao, niliona afadhali asijue. Nikachukua zile plagi kuukuu za kwetu, nikazipiga msasa mpaka zikawa nyeupe, nikaziosha na petroli, nikazirudisha. Maboksi ya zile mpya nikayachoma kwenye jiko la mkaa. Jioni baba yako akauliza, nikasema nimeshafunga. Aliwasha, akasikiliza, akanisifu.

Siku sita baadaye tukapigiwa simu kwamba bibi amefariki. Tukaondoka alfajiri. Gari likaanza kumisi Mafinga. Baba yako akasema tutafika hivyohivyo, na Iringa mjini hakutaka kusimama kwa sababu maziko yalikuwa saa nane. Tukaingia barabara ya Idodi. Kwenye kilima kimoja, sikumbuki tena ni kipi, gari likakata pumzi. Plagi mbili zilikuwa zimekufa. Baba yako alizifungua moja moja akiwa ameziviringisha kwenye shati lake kwa sababu zinaunguza, akazigeuza kwenye jua, akaona mikwaruzo ya msasa. Nilikuwa nimesimama pembeni nimekushika mkono. Akaniambia Baba Eliya amempiga, amechukua plagi za zamani akazisugua akamuuzia kwa bei ya mpya.

Mikwaruzo ile ilikuwa yangu, Bupe. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilifungua mdomo, nikaona uso wake, mtu ambaye mama yake amelala kwenye jeneza anamsubiri, nikaufunga. Nikajiambia nitasema tukifika. Tulikaa pale barabarani zaidi ya saa tatu mpaka lori la mbao likatuvuta. Tukafika watu wanaosha mikono. Udongo ulikuwa umeshapigwa majembe na msalaba umeshasimikwa. Baba yako alichukua udongo mkononi, akazunguka kaburi, hakujua auweke wapi. Mwishowe akauweka juu ya udongo mwingine akaupigapiga kwa kiganja. Sikusema tulipofika.

Tuliporudi Mbeya alikwenda moja kwa moja Mwanjelwa, akataka twende wote. Akazimwaga zile plagi nne juu ya kaunta, dukani kuna wateja. Akasema mbele yao wote kwamba rafiki yake amemnyima kumzika mama yake. Baba Eliya alizishika, akazitazama, akasema taratibu, "Hizi siyo nilizokuuzia."

Baba yako akamwambia, "Aliyezifunga ni mke wangu. Kwa hiyo mke wangu ni mwongo?"

Baba Eliya akaniangalia. Sijui kama umewahi kuangaliwa na mtu anayejua. Nilikuwa nimekushika mkono, na nadhani nilikuminya kwa sababu ulilia. Akaniangalia muda mrefu, halafu akaangalia chini, akasema, "Basi labda nimekosea mimi. Chukua nyingine." Akachukua boksi nne kutoka kwenye rafu, akamsogezea. Baba yako hakuzichukua. Tukatoka, na hawakusemezana tena. Watu waliokuwa dukani walikwenda kusimulia kwamba Mkinga yule anauza feki, na maneno hayo yalizunguka kwenye gereji zote za mjini. Hakuwahi kujitetea. Alinificha, mwanangu. Mtu ambaye si ndugu yangu alibeba uongo wangu mbele ya wateja wake ili ndoa yangu isivunjike, nami nilimwacha aubebe.

Mara ngapi nilitaka kusema, sina hesabu. Mwaka wa kwanza niliogopa kupigwa maneno. Baadaye niliogopa kuulizwa kwa nini sikusema mwaka wa kwanza. Hivyo ndivyo inavyokuwa, na sikujua mapema kwamba inakuwa hivyo. Lile kosa lenyewe, la kumpa kaka yangu plagi, lilikuwa dogo, lingeisha kwa ugomvi wa siku mbili na chakula kibaya mezani. Kunyamaza ndiko kulikokua, kila mwaka kukiongezeka, mpaka nikawa sioni pa kuanzia. Baba yako alipokuwa mgonjwa, siku zile za mwisho unamsaidia kugeuka kitandani, aliniambia Baba Eliya hajaja kumwona. Akasema, "Lakini ni yeye aliyekosea." Nilikuwa na bakuli la uji mkononi. Nikamwambia kunywa kwanza, unapoa. Hayo ndiyo niliyomjibu. Ninayasikia nikiwa naosha vyombo, ninayasikia kanisani.

Baba Eliya alikuja msibani. Alishika jembe, akachimba kaburi na vijana mpaka shati likaloa. Alipomaliza akaja kunipa mkono, akasema pole shemeji, akaondoka bila kula. Tangu siku hiyo nikienda Mwanjelwa napitia nyuma ya soko ili nisipite mbele ya duka lake. Hizi plagi za leo nimezinunua kwa mtu mwingine kabisa.

Sikuambii haya ili unionee huruma, na wala sitaki kukufanya mwanafunzi wangu. Una kazi yako unayoijua. Ila kwenye kazi yako kuna sindano, kuna vidonge, kuna watu wamelala kwenye vitanda vinavyofanana, na siku moja, ukiwa umechoka, utampa mtu dawa ya mwenzake. Inatokea kwa walio bora kuliko wewe na mimi. Siku hiyo kuna sauti itakuambia subiri kwanza uone kama atadhurika. Ninaijua hiyo sauti. Ina busara sana, inakujali, inakutafutia muda mzuri wa kusema. Mimi imenitafutia muda mzuri kwa miaka kumi na tisa. Ukiisikia, nenda kwa mganga mkuu mguu kwa mguu ukaseme, hata kama utatukanwa mbele ya wagonjwa. Kutukanwa kunaisha. Nimeona wengi wametukanwa na wanaendelea kula na kulala, na mimi niliyesifiwa sijalala vizuri.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Baada ya kuona yale mapovu sikufikiria kukuambia. Nataka ujue hivyo. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni namna ya kuzuia usiondoke na gari bila mtu kujua kwamba ni mimi. Nikapata njia haraka sana, nimeshakuwa fundi wa hilo pia. Nililegeza waya wa betri, nikaukunja kwa ndani usionekane. Kesho alfajiri ungewasha, kimya. Mimi ningetoka na khanga yangu, ningeguna, ningesema betri imekufa, panda basi uwahi kuripoti Jumatatu, gari nitakuletea. Wewe ungefika salama. Mchungaji asingejua. Mtaa usingejua. Niliona ni mpango mzuri, hata nikamshukuru Mungu kwa kunionyesha.

Nikawa nanawa mikono pale kwenye bomba, nafanya mazoezi ya maneno nitakayosema. Nikajisikia nikisema kwa sauti kwamba yule kijana aliyetuuzia betri mwezi uliopita ametupiga. Nilisema hivyohivyo, Bupe, ametupiga, kwa sauti ya baba yako. Maji yakaendelea kumwagika nami nimesimama. Kijana yule ana kibanda kidogo pale barabarani, alituuzia betri nzima kabisa, akatubebea mpaka ndani. Na mimi nilikuwa nimeshampangia jina la tapeli kabla hata jua halijazama.

Waya nimeurudisha. Ukijaribu kuwasha gari litawaka, na litanguruma vizuri, na ndiyo maana nakuomba usiliwashe. Hakuna kitu kitakachokuzuia isipokuwa maneno yangu. Nenda na basi la asubuhi hadi Iringa, kisha utafute usafiri wa Idodi. Najua umeshawaambia wenzako kwamba unakuja na gari lako. Najua watu wa kwaya watakuja kukupungia mkono na watakukuta unabeba mabegi kwenda stendi, gari lililoombewa limesimama uani. Watauliza. Usinitafutie jibu la kuniokoa. Waambie mama aliharibu injini kwa haraka zake.

Jumatatu nitaita fundi afungue silinda hedi, tuipeleke kwa mchongaji, iwekewe bushi pale namba tatu kama inavyotakiwa. Ikichukua wiki mbili itachukua wiki mbili. Na kabla ya hapo nitapita mbele ya duka la Baba Eliya, siyo nyuma ya soko. Sijui nitamwambia nini. Sijui kama anataka kusikia, au kama kumwambia ni kwa faida yake au ni kwa ajili yangu nipate usingizi. Baba yako hayupo tena wa kusikia, na hilo haliwezi kuchongewa bushi popote. Naogopa kwenda kuliko ninavyoogopa kwenda hospitali. Lakini nimeandika hapa kwamba nitakwenda, na wewe utaniuliza kwenye simu, na nakuomba uniulize.

Nakupenda, mwanangu. Ninaogopa sana usije ukanidharau. Ukinidharau kwa muda, nitaelewa, nawe utakuwa umefika Idodi mzima, unanidharau ukiwa mzima. Hilo naliweza.

Geti limelia. Nasikia unaongea na jirani, unamwonyesha nywele, unacheka. Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye droo hadi alfajiri, halafu niiweke pale nilipokuambia, nikajifungie chumbani mpaka uimalize. Ninapoandika mstari huu naona kwamba huo nao ni ujanja. Ningekuwa nimeipa karatasi kazi ya kusema, na mimi nimejificha nyuma ya mlango.

Karatasi nitakupa baadaye, usome taratibu kwenye basi mambo ya Baba Eliya na ya bibi yako. Lakini lile la kwanza sitalisubirisha. Naweka kalamu chini, natoka hivi hivi na mikono yangu michafu, na kabla hujavua viatu nitakuambia: Bupe, gari nimeliharibu mimi.